Riwaya ya Tendaguru: wasomaji wote wanaachia sura ya tatu

Mchumvi_Lindi
Wakuu, habari za kazi. Nina mswada wa maneno 22,000. Mvuvi anapita mlango uliomo ghubani Lindi, anatokea Tendaguru (kule Lindi kulikochimbwa mifupa ya mijusi wakubwa wa kale) ya miaka milioni 150 iliyopita, yeye na roboti la kuchimbia mifupa. Mlango hufunguka maji yakipwa. Wasomaji watatu wameachia sura ya tatu, wanasema mambo yanakwenda tu. Nirekebishe wapi? Na kwenye roboti niandike "amesimama" au "limesimama"? Mhariri mmoja kanipigia mstari mwekundu kila ukurasa.

BamvuaKubwa
Mkuu, mlango wako ndio unaovuja. Maji hupwa mara mbili kwa siku, kwa hiyo jamaa akiona mjusi anarudi zake kula ugali. Weka mlango ufunguke kwa kupwa kwa bamvua peke yake, yale maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani kila siku 15 hivi, na pwani yetu maji yake hukauka mnamo saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Kila siku ipitayo yanachelewa kama dakika 50, halafu yanaingia maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Akichelewa kutoka, anakaa huko wiki mbili na chakula cha siku tatu. Sura ya tatu imeshapata njaa.

Chora jedwali la siku 30, kila tukio liwe na umri wa mwezi pembeni. Ukiandika mbalamwezi ya mwezi mpevu na maji mafu usiku mmoja, msomaji wa pwani ya Mchinga hatakusamehe.

Ngeli_Mikindani
Huo mstari mwekundu usiufute haraka, ni mali. Kiswahili kinakupa ngazi tatu ambazo lugha nyingi hazina:

"Roboti yangu imekwama." Hiki ni chombo, sawa na baiskeli.
"Roboti wangu amekwama." Sasa ni kiumbe, kama mbwa wangu.
"Roboti yangu amekwama." Hapa umemtia ukooni: tunasema mama yangu amefika, rafiki yangu amefika.

Tazama, ya kwanza na ya tatu zina "yangu" ileile. Kilichobadilika ni kitenzi. Mvuvi akipanda ngazi hizo kati ya sura ya pili na ya nane, huhitaji aya ya kueleza kwamba amelipenda lile chuma. "Limesimama" iweke kwa anayeliogopa au anayelidharau, maana li- hukuza kitu na kukichusha.

Kinachoharibu ni msimulizi kuruka ngazi kabla ya mvuvi. Tafuta neno "roboti" kwenye faili zima, angalia kitenzi kimojakimoja, na andika pembeni nani anasema. Mtoto akiwepo, yeye aanze na "amekwama" tangu siku ya kwanza. Watoto ndivyo walivyo.

Mawe_na_Mifupa
Naongeza upande wa mawe. Tendaguru ya leo iko bara, ila miamba yake inaonyesha palikuwa pwani: matope ya kupwa na kujaa, na maji ya chumvi ya kina kifupi. Kwa hiyo mlango wa baharini unakaa vizuri kuliko ulivyodhani.

Ila fyeka mimea. Zama zile hapakuwa na nyasi, mnazi wala mkorosho (mkorosho wenyewe uliletwa na Wareno kutoka Brazili). Panda misonobari, kangaga na sikadi (mimea ya kale yenye majani kama ya mchikichi). Mvuvi akitaka kuezeka, makuti hana. Hilo peke yake ni kurasa mbili za shida.

Na asibebe mfupa begani. Mfupa wa mkono wa juu wa Giraffatitan, huyu mjusi wetu aliyeko Berlin, una zaidi ya mita 2. Wajerumani walipochimba 1909 hadi 1913, zaidi ya tani 200 zilishushwa bandarini Lindi vichwani mwa wapagazi. Piga hesabu kwa kilo 30 kila kichwa: mizigo 6,600 na ushei. Mtumbwi wako unabeba mingapi?

Mchumvi_Lindi
Nimewaelewa. Makuti nilikuwa nimeyaweka sura ya nne, aibu. Na kusoma je?

Ngeli_Mikindani
Anza na Kusadikika ya Shaaban Robert (1951). Mara ya kwanza soma kwa raha. Mara ya pili shika daftari la safu tatu: ukurasa, ajabu iliyotokea, imemgharimu nani nini. Nchi ile inaelea angani, lakini mahakama yake ni mahakama tu. Wajumbe sita wanatumwa pande sita, kila mmoja anarudi na faida kisha anafungwa. Kufika wa tatu, msomaji anaijua kanuni na anaogopa kwa ajili ya anayefuata. Nagona ya Kezilahabi (1990) isubiri. Pale mahali na wakati vinavurugwa makusudi, na wewe bado unajifunza kuvipanga.

Halafu jaza safu hizohizo kwa mswada wako. Pale safu ya tatu inapokaa tupu kurasa tano mfululizo ndipo watu wanapofunga kitabu. Kwako nabashiri ni pale mvuvi anaposhangaa mijusi. Bakiza ukurasa mmoja wa kushangaa, kisha maji ya kunywa yamwishie.

BamvuaKubwa
Na dira usiisahau. Huko alipo, kijiji cha kuuliza njia hakuna.