Z650 au MT-07: ipi haitaniumiza safari ndefu? Naombeni ushauri

Njiapanda: Salaam wakuu. Nimekwama kati ya pikipiki mbili, Kawasaki Z650 na Yamaha MT-07. Zote silinda mbili, zote hazina kava la kukinga upepo. Nataka inayonikaa mwilini, nisishuke nimejikunja. Moyo uko Z650.

Fundi Spana: Una urefu gani?

Kiroboto: Chukua skuta. Mimi nyonga zilipoanza kulalamika nilihamia skuta, mpaka nyumbani wananiona mpole.

Njiapanda: Urefu wa kawaida tu.

Mama Wawili: Kawaida ya twiga au ya kuku? Sema, mdogo wangu.

Njiapanda: Sentimita 191. Na goti la kulia lilifanyiwa upasuaji, halikunjiki sana. Ila Z650 niliikalia dukani, safi kabisa.

Fundi Spana: Ungeanzia hapo. Kiti cha Z650 kiko milimita 790 kutoka chini, cha MT-07 ni 805. Mfupi anaipenda ya kwanza kwa sababu nyayo zinafika. Wewe chini utafika tu. Kinachokuhusu ni nafasi kati ya kiti na vikanyagio, na kwenye Z650 ni finyu. Dukani hukai muda wa kutosha goti likakwambia.

Njiapanda: Nitaweka kile kiti kirefu cha kuongezea.

Fundi Spana: Goti litapumua, lakini usukani unabaki palepale. Utainama, uzito uhamie viganjani.

Mzee wa Gia: Mnabishania milimita! Kwenye kilomita 110 kwa saa upepo wa kifuani ndio utamchosha, iwe hii iwe ile. Enzi zetu tulipanda iliyopo. Na heshima ilikuwepo.

Jicho Pembeni: Wakuu, hii ni chai. Mwezi uliopita huyuhuyu alifungua uzi akasema ana sentimita 168, anataka kushusha kiti. Umerefuka lini?

Njiapanda: Ule nilimuulizia mke wangu.

Mama Wawili: Kwa hiyo pikipiki ni ya nani?

Njiapanda: Tutapokezana. Halafu advansi ya Z650 nimeshatoa, ila naweza kubadilisha nikitaka.

Jicho Pembeni: Chai ina tangawizi sasa.

Fundi Spana: Basi mwenye pikipiki ni yeye, na inamfaa. Kiti kirefu usiweke, utamnyima ardhi. Na asikubebe: vikanyagio vya abiria viko juu zaidi, goti hilo halitakusamehe.