Bila Konstantino, Ukristo ungefika wapi?

Kobe Mkavu: Wakuu, tuambizane ukweli bila jazba. Tumefundishwa kwamba Injili ilienea Dola ya Rumi kwa nguvu za Roho tu, ila mi naona mkono wa serikali mule. Mwaka 312 kaisari Konstantino anashinda vita pale Daraja la Milvio, nje ya Rumi, mwaka unaofuata yeye na kaisari mwenzake Licinius wanaruhusu kila mtu aabudu anavyotaka, 380 kaisari Theodosius anaufanya Ukristo ndo dini ya dola. Hapo nani abaki nyuma? Mwenye hamu ya cheo si anakimbilia maji ya ubatizo. Bila yule jamaa leo tungesikia habari za Yesu kama tunavyosikia za Mithra, yule mungu aliyeabudiwa Rumi zamani, yaani hatuzisikii. Nipingeni kwa hoja.

Dada Zu: Kwahiyo miaka karibu 300 kabla ya huyo Konstantino wako watu walikuwa wanatupiwa simba wakitafuta cheo? Perpetua, dada Mkristo wa Karthago (Tunisia ya leo), mwaka 203, ana mtoto wa kunyonya, baba'ke mzazi anampigia magoti akane na anakataa. Cheo gani hicho?

Fundi Saa: Dada Zu tulia. Mateso hayakuwa ya kila siku. Kaisari Decius ndo aliagiza dola nzima itambikie miungu, na ukishatambika unapewa cheti. Vya mwaka 250 vimeokotwa Misri, vimeandikwa kwenye mafunjo: mimi fulani wa kijiji fulani nimemwaga kinywaji, nimeonja nyama ya sadaka, naomba mnithibitishie. Chini wasimamizi wanasaini, kama barua ya mtendaji wa kijiji vile. Wakristo wengine walitambika kweli, wengine wakahonga wakapata cheti bila kugusa hata nyama, Sipriani askofu wa Karthago akabaki anaumiza kichwa awapokee au awaache.

Kobe Mkavu: Kumbe vyeti feki havijaanza na sisi 😂😂

Dada Zu: Nani kakwambia nitulie? Mimi mkeo?

Mla Ndizi: Mleta mada hoja yako nyepesi. Pliny akiwa gavana wa Rumi kule Bithinia (Uturuki ya leo) alimwandikia kaisari Trajan, kwenye 112 hivi, kwamba imani hii imeingia mpaka vijijini, mahekalu yalikuwa yamekaribia kuhamwa na nyama ya sadaka ilikuwa haipati wanunuzi. Hiyo ni miaka 200 kabla ya daraja lako. Halafu Julian, kaisari aliyetaka kurudisha miungu ya zamani, yeye mwenyewe analalamika kwamba Wagalilaya, yaani Wakristo, wanalisha maskini wao na wa kwetu juu. Watu walifuata chakula na mazishi ya heshima, sio cheo. Na msisahau walioijenga hiyo dini ni ndugu zetu, Augustino, yule askofu na mwalimu mkubwa wa Kanisa, alikuwa mweusi kabisa kama mimi.

Fundi Saa: Hapo kwenye "kama mimi" umechemka. Thagaste alikozaliwa ni Algeria ya leo, na jina la mama'ke, Monika, linadhaniwa ni la Kiberiberi. Rangi yake hakuna aliyeiandika.

Mla Ndizi: Algeria siyo Afrika siku hizi? Au imehamia Ulaya?

Fundi Saa: Nimesema rangi, sijasema bara. Soma kwanza ndo ujibu.

Mla Ndizi: Nyie ndo mnaoweka picha ya mzungu ukutani mnasema huyu ndo Augustino.

Pwani Kavu: Jamani mkitaka mweusi asiye na ubishi nendeni Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, kwa mfalme Ezana. Frumentius, Mkristo wa Tiro (Lebanoni ya leo), alifika pale kama mateka, akalelewa ikulu, baadaye Athanasius, askofu wa Aleksandria kule Misri, akamweka kuwa askofu wa Aksum. Sarafu za Ezana mwanzo zina mwezi mwandamo na duara, baadaye zina msalaba. Na Rumi haikupeleka hata askari mmoja.

Kobe Mkavu: Asante Pwani Kavu, umenisaidia. Mfalme tena! Si ndo ninachosema tangu juu?

Mla Ndizi: Fundi Saa hujanijibu la picha.

Fundi Saa: Kwangu ukutani kuna kalenda ya duka la vipuri.

Kobe Mkavu: Wakuu, mada...

Dada Zu: Mi bado nasubiri niombwe radhi kwa ile "tulia".

Fundi Saa: Samahani dada'angu, nimekosa. Ila Perpetua hakutupiwa simba, alitupiwa ng'ombe jike.