Tupeane uzoefu: nini hasa kilikufanya uache kavera (mfuko wa plastiki), au makaa, au ulichoacha?

mama_duka_arua
Habari zenu wote. Nina duka la rejareja hapa Arua, Uganda, na ni mwaka wa tatu sasa napigana na makavera. Naomba tupeane uzoefu, ila tusihubiriane. Sema ulibadilika lini na nini kilikusukuma. Naanza mimi.

Kwanza nilibandika karatasi ukutani kwamba kavera inaharibu shamba, mje na vikapu. Watu waliisoma vizuri kabisa, wakatikisa kichwa, wakasema, "Ni kweli mama, haya niwekee kwenye kavera." Nikabadili: anayekuja na mfuko wake namrudishia shilingi mia. Mwezi mzima walichukua watu tisa, na watano kati yao ni watoto waliotumwa, wakala peremende njiani. Ndipo nikaligeuza jambo lenyewe. Kavera si ya bure tena, ni mia mbili.

Eh! Niliitwa mchoyo mpaka habari zikamfikia mume wangu msikitini. Wateja wawili walihamia kwa jirani. Lakini wiki ya tatu vikapu vikaanza kuingia, na mifuko ya unga iliyoshonewa mikanda, na leso zilizofungwa fundo. Mtu ukimpa mia haoni kitu, ukimtoza mia mbili hapati usingizi.

Kinachonishinda ni hawa: wapo wanaolipa mia mbili bila neno, na wanataka ile nyeusi tu. Nikiwapa nyeupe wanarudisha. Hao sijawaelewa.

mtu_wa_bwaise
Mimi nitasema ukweli hata kama ni aibu. Jaa la Kiteezi lilipoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30, hapa Kampala kila mtu aliapa kubadilika. Niliapa pia. Baada ya wiki mbili nilikuwa nabeba nyanya kwenye kavera kama kawaida.

Kilichonibadilisha ni mfereji ulio nyuma ya nyumba yangu. Mvua ilinyesha usiku, maji yakaingia, tukaamka godoro limelowa. Asubuhi tukaingia na vijana wa zoni kuzibua, tukawa tunavuta makavera yaliyoshikana kama mkeka, marefu, hayaishi. Katikati nikaona mifuko ya ule mkate ninaonunua mimi, na katika safu yetu ya nyumba sijamwona mwingine anayeununua. Hakuna aliyesema kitu. Nilijua mwenyewe.

Sasa maganda ya matoke nayaweka kando, kuna mama anafuga nguruwe huja kuyachukua. Pipa langu limekuwa jepesi, na anayebeba taka namlipa mara moja pale nilipokuwa namlipa mara mbili.

mpita_mpaka
Mimi ni wa Busia, mpakani na Kenya, upande wa Uganda. Kenya walipopiga marufuku mifuko ya plastiki, tarehe 28 Agosti 2017, nilidhani ni maneno. Nikavuka na maandazi yangu ndani ya kavera. Walinyang'anya kavera wakaniachia maandazi mkononi, ishirini na manne, huku bodaboda wanacheka. Tangu siku hiyo natembea na ndoo yenye mfuniko. Nikirudi upande wetu wananishangaa.

muuza_jumla
Mnaongea kama vile kavera inajileta. Mimi ndiyo naiuza, kwa jumla, na inasomesha watoto. Katazo la yale membamba, chini ya maikroni 30, lilipita mwaka 2009, likarudiwa kwenye sheria ya mazingira ya 2019, na bado kila asubuhi nafungua duka na wanunuzi wapo. Leteni kitu cha kubeba mukene (dagaa) mbichi kwa bei hiyo hiyo, nitakiuza kesho.

mama_duka_arua
@muuza_jumla kaka, hakuna anayekufukuza hapa. Ila kwangu unauza kidogo siku hizi 😄

mwalimu_kasese
Mimi ni makaa. Serikali ilipozuia biashara ya makaa kutoka kaskazini mwaka 2023, huku kwetu nako bei ilitikisika, lakini hata hapo sikuacha. Nililalamika tu na kununua kopo badala ya gunia.

Niliyemfuata ni jirani. Alinunua sufuria ya presha ya umeme, akaniita nile maharage. Mimi nilishikilia kwamba maharage ya umeme hayana ladha. Nilikula sahani mbili. Kisha akanionyesha mita yake ya Yaka (ule umeme wa kununua yuniti kwanza) kabla na baada ya kupika: maharage ya familia nzima hayakumaliza yuniti moja. Kwa sigiri yangu yalikula makaa ya mchana mzima. Niliweka akiba miezi minne nikanunua.

Lakini kuna jambo linaniudhi. Ipo bei ya kupikia: ukivuka yuniti 80 kwa mwezi, zinazofuata hadi 150 ni nafuu zaidi. Jambo zuri. Ila sisi tunaonunua Yaka ya elfu tano tano tunafika 81 lini? Unafuu unakungoja mbele ya pesa ambayo huna. Sigiri sijaitupa, umeme ukikatika inarudi kazini.

rolex_wandegeya
Mama duka, kwangu zawadi ilifanya kazi. Wanafunzi wawili walikuja na bakuli zao nisifunge rolex (chapati ya kuviringisha na mayai) kwenye gazeti na kavera. Nikawaongezea nyanya bila kusema lolote. Waliokuwa foleni wakaona. "Na sisi?" Njoo na bakuli. Sasa jioni nahesabu bakuli kumi na kitu. Nyanya zenyewe ni vipande viwili! Nadhani kwako mia ilikuwa ya siri, kwangu nyanya zilionekana.

mama_wa_watoto_sita
Nimesubiri mtu amjibu mama duka kuhusu ile nyeusi, naona mnazunguka. Nyabo, ile nyeusi inafunika. Mimi nikinunua nyama robo kilo, nikatembea nayo wazi kwenye uwanja wetu wa nyumba zenye milango kumi na miwili, watoto wa watu wataona, na mimi siwezi kuwagawia. Siku nyingine ni mukene wa mia tano, na hiyo pia sitaki ionekane. Kwa hiyo mia mbili nailipia mfuniko, nyama ingeenda hata kwenye jani la mgomba.

mtu_wa_bwaise
Umenimaliza.

mama_duka_arua
Miaka mitatu, na hilo sikuliwaza hata siku moja. Nilidhani ni ukaidi. Awa'difo (asante), mama.

Sokoni kwetu wapo wanawake wanaosuka vikapu vya mfuniko. Jumamosi nitachukua kumi, niviweke karibu na mizani. Nitaviazimisha kwanza, mtu akirudisha sawa. Jani la mgomba nitalitandika ndani mwenyewe.