Naomba ushauri: Kitulo au Tukuyu kwa mafunzo ya vitendo ya mifugo?

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi. Nasoma stashahada ya afya ya mifugo, nyumbani ni Mbeya. Likizo hii natakiwa kufanya mafunzo kwa vitendo na nimebaki na njia mbili.

Moja ni shamba la mifugo Kitulo, kule Makete: ng'ombe wa maziwa wengi pamoja, kukamua, kulea ndama, kutunza kumbukumbu. Baridi ya Julai kule naijua, nitavumilia.

Nyingine ni kuongozana na afisa mifugo wa kata upande wa Tukuyu, kwa wafugaji wenye ng'ombe wawili watatu bandani. Moyo wangu uko huku, maana nataka kutibu: ndigana kali (homa inayoenezwa na kupe), ugonjwa wa kiwele, ng'ombe aliyekwama kuzaa. Wasiwasi wangu ni kwamba siku nyingine hakuna mgonjwa kabisa, na daftari la mafunzo linataka kazi ya kila siku. Barua nimepeleka kote. Tukuyu wamekubali kwa mdomo, Kitulo nasubiri.

Mliopita huko, wapi mwanafunzi hushika sindano mwenyewe akisimamiwa? Na chanjo ya kichaa cha mbwa, nichanjwe kabla ya kuanza?