Gari imeandikwa YESU NI NURU, makanga ndio mimi. Naangazaje hapo?

konda_wa_mtwapa

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na salamu pia kwa wasio wa dini yetu maana najua humu mko wengi. Mimi ni makanga, ruti yangu Mtwapa kuja Town hapa Mombasa, na nimeokoka si muda mrefu. Juzi kwa ushirika wa vijana tumefundishwa Mathayo 5:16, "nuru yenu na iangaze mbele ya watu", mwalimu akasema kila mtu aende akaangaze pale alipo, tukaimba, tukaombewa, tukaenda zetu.

Sasa pale nilipo mimi ni mlangoni mwa matatu. Gari yenyewe nyuma imeandikwa YESU NI NURU kwa herufi za kumeremeta, dere anaweka gospo kutoka alfajiri mpaka tunapolaza gari, ukituona kwa nje utasema hili ni kanisa linatembea. Lakini mvua ikidondoka tu nauli ishapanda, na anayetangaza ni mimi, mtu wa Bamburi aliyelipa hamsini asubuhi jioni namwambia mia. Mama ana mtoto mgongoni amelowa, anahesabu sarafu kwenye leso, na juu ya kichwa chake spika inaimba Bwana ni mwema. Chenji nayo, abiria akishuka mbio pale Bombolulu akasahau, huku kwetu hiyo inaitwa riziki. Na wale mabwana wa barabarani sitaki kuwasema sana, kila mtu anajua noti inakunjwa ndogo ikaingia kwa kiganja pamoja na habari ya asubuhi, na mwenye kutoa mkono ni makanga, dere anaangalia mbele kama hayupo.

Nawauliza hivi. Nikianza kurudisha chenji na kukataa kupandisha si nitaonekana najifanya mtakatifu? Maana ukifunua tu sura ya 6 Yesu anasema tusifanye wema wetu machoni pa watu. Mbona ya 5 tuonekane na ya 6 tusionekane? Halafu ni lazima nihubiri ndani ya gari ama matendo yanatosha, manake karibu nusu ya abiria wangu ni Waislamu na sitaki fujo. Na kazi yenyewe niache? Kuna ndugu kanisani ameniambia matatu hayana Mungu nitafute kazi ya maana, ila hakuniambia iko wapi.

taa_ya_breki

Gari nyuma YESU NI NURU na taa ya breki ya kushoto haiwaki, nimeifuata hiyo kutoka Shanzu mpaka Nyali nikisali mwenyewe 😂😂

bi_mkubwa_kisauni

Huyo hapo juu msamehe mwanangu, ila mwambie dere aweke balbu.

Nikujibu la mwisho kwanza maana ndio jepesi. Fungua Luka sura ya 3. Watu wanakwenda kwa Yohana Mbatizaji wanamuuliza tufanye nini, na kati yao wako watoza ushuru, kazi ambayo wakati ule ilinuka kuliko yako mara kumi. Yohana angeweza kuwaambia waache. Hakusema. Aliwaambia "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Basi, hilo tu, tena jibu lenyewe ni la nauli kabisa! Askari nao wakauliza na sisi je, akawaambia wasidhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watosheke na mshahara wao (hii mstari wa 14 ningeomba ibandikwe pale kwenye kizuizi cha polisi). Na huyo Yohana ndiye Injili ya Yohana inasema hakuwa ile nuru, alikuja aishuhudie ile nuru. Kwa hiyo shahidi wa nuru mwenyewe, watu walipomuuliza wafanye nini, hakuwapa ratiba ya kesha, aliwashika pale pale kwenye kazi zao panapopitia wizi. Mtoza ushuru kwenye kutoza, askari kwenye kutisha watu. Wewe si huulizwi kuhusu mambo ya benki wala ya bandarini, unaulizwa kuhusu ile mia ya mvua.

Sasa 5 na 6. Soma mistari yote mpaka mwisho usikate katikati. Ya 5 inamalizia "wamtukuze Baba yenu aliye mbinguni". Ya 6 inasema "kusudi mtazamwe na wao". Tendo linaweza kuwa lile lile, swali ni sifa inakwenda kwa nani. Ukimrudishia mama chenji yake ukapaza sauti gari zima lisikie kwamba wewe umeokoka, thawabu yako ushaipata hapo hapo Bombolulu. Ukimpa kimya ukaita steji inayofuata, atajijua mwenyewe atamshukuru nani. Na tena usijipime pime kama unang'aa ama hung'ai. Musa aliposhuka Sinai uso unang'aa, Kutoka 34 inasema hakujua, walioona ni wengine na wakaogopa kumkaribia. Mtu anayejitazama kwenye kioo kila saa kuona kama anaangaza huyo hata abiria wanamchoka.

Na hiyo nuru si yako. Paulo kwa Wakorintho wa pili sura ya 3 anasema sisi twaurudisha utukufu wa Bwana, yaani unatoka kwake unatugonga unarudi. Ukiacha kuomba na kusoma neno utabaki na adabu nzuri tu, na adabu ya makanga mwanangu haivuki jioni ya foleni ya darajani.

mwinjilisti_likoni

Bi Mkubwa umesema vizuri lakini mimi nakataa kidogo. Hii habari ya "matendo yanatosha" imekuwa maficho ya watu waoga. Chenji hata mtu asiyeamini Mungu anarudisha, sasa abiria atajuaje ni Kristo? Warumi 10:14 inauliza watu wamwamini je wasiyemsikia, na watamsikia vipi pasipo mhubiri? Mimi nimehubiri kwenye feri Likoni miaka na mikaka, wako walionicheka, wako waliokuja kunitafuta baadaye wakilia. Wewe una watu kumi na wanne wamekaa kimya, hawana pa kwenda, Mungu akupe nini tena? Kemea roho ya woga.

jirani_wa_majengo

Assalaam aleykum na habari zenu. Mimi ni Muislamu, kaka konda ametusalimia basi niseme na mimi kidogo kama abiria.

Mwinjilisti usinichukie lakini hao kumi na wanne "hawana pa kwenda" ndio tatizo lenyewe. Mtu ametoka kazini, amechoka, amelipa nauli, umemfungia mlango halafu unampigia kelele. Akishuka anakumbuka makelele tu. Na tusidanganyane, baada ya yale ya Shakahola 2023, watu zaidi ya mia nne kufukuliwa msituni, na wengi wao walimfuata mtu aliyekuwa akishika Biblia na maikrofoni, hapa Pwani mtu akisikia "mtumishi" sauti ya juu anavuta watoto wake karibu. Hata Wakristo wenyewe. Sisemi muache kuhubiri, hiyo ni dini yenu, nasema mjue mnaongea na watu wameogopa.

Ntawaambia kitu. Mzee wetu alifariki usiku, na sisi kwetu maiti hailazwi, inatakiwa azikwe mapema. Jirani yetu Mkristo, wa kabila la bara, ana Probox yake ya kubeba mitumba Kongowea, alisikia kilio akatoka na shati halijafungwa vifungo. Hakuuliza maswali mengi. Alitupeleka kutafuta sanda, akaleta mikeka, akabeba wazee wasioweza kutembea mpaka Kikowani, na tulipokuwa tunaswali yeye alisimama nje ya ukuta amevua kofia, amewashikia watoto wetu viatu. Hajawahi kunihubiria. Na asidhaniwe ni malaika, huyu bwana ana hasira, tumegombana naye juu ya maji ya mfereji mpaka mwenye nyumba akaingilia. Lakini siku mamangu aliposikia kanisani kwao kuna harambee ya paa alinituma nipeleke mchango, na mamangu mnamjua nyinyi? Hatoi. Kizuri chajiuza.

mwinjilisti_likoni

Jirani nimekusikia, na pole kwa msiba wa mzee. Lakini huyo bwana wa Probox siku ukimuuliza kwa nini alifanya vile, ana jibu? Ndio nasema mdomo una kazi yake.

jirani_wa_majengo

Siku nikimuuliza. Hapo tumeelewana.

dereva_zamani

Mnazungumza mambo ya juu sana, hebu tushuke kwenye noti iliyokunjwa maana hiyo ndio itamfukuzisha kijana kazi.

Konda nisikize. Nimeendesha hizo gari. Mara nyingi ile pesa inatoka kwa sababu gari ina kosa, na wao wanajua mnajua. Abiria wa kumi na tano amekaa kwenye kibao, mkanda umekatika, gavana ya kuzuia mwendo imechezewa, dere hana beji ya PSV, ile ya kuendesha gari la abiria. Haya mambo ya watu kumi na wanne, mikanda na gavana yako tangu zile sheria za 2004 za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, si mapya, tumeamua tu kulipia badala ya kufuata. Sasa ukiwa umebeba wa kumi na tano halafu ukakataa kutoa kitu ukisema umeokoka, hapo huangazi, unajiletea kesi tu na abiria wanachelewa. Anza na huyo wa kumi na tano. Gari ikiwa safi, makaratasi yako sawa, mkono wako una nguvu ya kubaki mfukoni. Watakuchelewesha kidogo, watakagua tairi, watakagua hata kifaa cha kuzimia moto, ndio gharama yake hiyo. Wakishakujua hutoi na huna kosa wanachoka, kuna gari kumi nyuma yako.

Na ujue sheria ya hongo ya 2016 inamshika mtoaji pia, si mpokeaji peke yake. Kwa hiyo dere anayeangalia mbele kama hayupo anakuachia kesi wewe.

Kuhusu nauli ya mvua, hiyo makanga hawezi peke yake, dere na tajiri mwenye gari lazima wakubali kwa sababu ya hesabu, ile pesa anayopelekewa tajiri. Lakini mwanzo upo: tangaza bei kabla mtu hajapanda. Kinachouma watu zaidi ni kuambiwa mia mkishafika katikati ya daraja.

mwalimu_wa_ss

Nimesoma yote nikacheka nikajifunza. Niongeze moja tu kwa konda kwa sababu ya ruti yake. Kila siku unaita "Kengeleni! Kengeleni!", unaijua ile kengele? Pale ni Frere Town, wamishenari wa CMS (Church Missionary Society ya Uingereza) walianzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, na kengele ilipigwa kuwaonya watu kwamba wakamata watumwa wanakuja. Mnara wake upo hadi leo, watu wanasimama chini yake kungoja matatu na wengi hawajui.

Lakini ninayempenda mimi zaidi ni William Jones wa kule Rabai, kituo cha misheni si mbali na Mombasa. Yeye mwenyewe alichukuliwa mtumwa akiwa mtoto, akaokolewa, akalelewa India, akarudi huku pwani kufanya kazi ya injili, na Askofu Hannington akamweka wakfu kuwa shemasi mwaka 1885. Basi watumwa waliotoroka mabwana zao wakawa wanakimbilia Rabai, na Jones akawapokea, wakajichanganya na waumini. Mabwana zao wakadai mali yao, na hata ndani ya misheni wako waliotaka watoro warudishwe kwa sababu ya amani. Mwishowe kampuni ya Waingereza ikalipa fidia, na Januari 1889 zaidi ya watu elfu moja wa Rabai na misheni za jirani wakapewa hati za uhuru. Fikiria sasa, mtu wa Mungu ameambiwa na wakubwa wake mambo ya busara kabisa, usitukosanishe na majirani, naye kuna mtu mlangoni ana alama za minyororo. Nuru yake ilikuwa kufungua mlango huo huo na kunyamaza. Sikufananishi konda, chenji ya hamsini si mnyororo, ila mjue huku kwetu hii habari si ngeni wala haikuletwa na stika za magari.

taa_ya_breki

Mwalimu umetuua. Mimi Kengeleni nilidhani ni jina la mtu.

konda_wa_mtwapa

Wapendwa nimewasoma nikiwa steji, asanteni sana, jirani wa Majengo pole kwa mzee na asante. Bi Mkubwa ile Luka 3 nimemsomea dere wakati tunangoja abiria, akaniambia nisome tena, halafu akanyamaza mpaka Shanzu, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Leo jioni nilitaja bei kabla hawajapanda. Wawili walirudi nyuma wakapanda gari la mbele, wengine wakapanda. Wa kumi na tano alikuwepo, jamaa yangu kabisa, nikamwambia subiri nyingine akaniambia umeokoka umekuwa mwenda wazimu. Chenji hiyo sina neno, inarudi. Pale kizuizini leo hatukusimamishwa kwa hiyo siwezi kujisifu.

Kilichobaki ni tajiri. Hesabu ikishuka ataona tu. Dere anasema niongee naye mimi kwa sababu ndio mwenye maneno mengi ya Biblia. Nimwambie nini, nianze na Luka ama nianze na balbu?

dereva_zamani

Anza na balbu. Halafu mpigie kwenye karatasi hesabu ya pesa anayotoa kwa mwezi barabarani, noti kwa noti, umwoneshe. Luka atauliza mwenyewe.

bi_mkubwa_kisauni

Na umpigie asubuhi, matajiri jioni hawasikii. Tunakuombea. Ukipita Kisauni na maji ya baridi yapo.