Mrejesho: Nilivyoingia kwenye utafiti wa usugu wa mbu

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza: mtu wa takwimu niliyeangukiwa na mada ya usugu wa mbu kwa viuatilifu, nianzie wapi bila kuzama kwenye makala mia tatu?

Aliyenielekeza Annual Review of Entomology, lile jarida la makala za mapitio (zinazojumlisha tafiti nyingi) kuhusu wadudu, Mungu akubariki. Makala moja ya mapitio niliisoma siku mbili, kalamu mkononi, istilahi zikaanza kukaa kichwani. Kisha Cochrane, shirika linalochambua na kujumlisha tafiti za afya: mapitio yao ya 2018 kuhusu vyandarua vyenye dawa yanaeleza hata walivyochagua tafiti na kuzipima, hapo nilijiona niko nyumbani. Ila yana umri, vile vyandarua vipya vya dawa mbili sikuvikuta humo. Pengo nimeliziba kwa ule ujanja wa Google Scholar: fungua orodha ya walioyanukuu, weka tiki ya kutafuta ndani ya orodha hiyohiyo, andika “review”.

Kuwaandikia maprofesa kumegoma. Wanne niliowaandikia, kajibu mmoja, naye kanitumia makala zake mwenyewe tu! Asanteni sana, sura ya pili imeshaenda kwa msimamizi.