Naomba ushauri: mkopo wa nyumba bado mrefu, nyumba inachakaa na sisi tunachoka. Tuanze na lipi?

Nyumba Yetu (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri wa watu waliopitia haya, maana mimi na mume wangu tumefika mahali hatuelewani.

Tulinunua nyumba kwa mkopo wa benki wa miaka 20, riba asilimia 12 isiyobadilika, na bado tuko mwanzoni kabisa. Tulikubaliana kwamba kila kinachobaki mwisho wa mwezi kinakwenda benki juu ya rejesho la kawaida. Nyongeza hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya rejesho. Mume wangu amechukua na kazi ya mwisho wa wiki ili isikatike. Hatujawahi kuchelewesha rejesho, namshukuru Mungu.

Shida ni kwamba nyumba yenyewe imeanza kutuumiza. Dari ya chumba cha watoto ina doa la maji, na kila mvua ikinyesha linatanuka. Chini ya dirisha la chumba hichohicho rangi imebanduka na pembeni pana ukungu mweusi. Mdogo wetu anakohoa usiku. Choo kinavuja ndani kwa ndani, tunasikia maji yakitiririka hadi asubuhi. Mume wangu naye usingizi umempaa. Anaamka saa nane usiku anaanza kupiga hesabu za deni kwenye simu.

Yeye anasema tujifunge mkanda, deni kwanza, nyumba tutaitengeneza ikishakuwa yetu. Mimi naona mpaka siku hiyo watoto watakuwa wamekulia kwenye chumba chenye ukungu. Benki nayo inasema iko tayari kutuongezea mkopo wa ukarabati, rejesho lipande kidogo tu.

Tusimamishe nyongeza? Tuchukue mkopo wa ukarabati? Au tuvumilie?

Hesabu Kwanza

Dada, hongereni kwa kulipa bila kukosa. Nimefanya kazi za mikopo muda mrefu, kwa hiyo niseme upande wa namba, mafundi watakuja na yao.

Chukua mkopo wa 100,000 wa fedha yoyote, masharti kama yenu. Rejesho la mwezi ni kama 1,101. Mwezi wa kwanza 1,000 nzima inakwenda kwenye riba, na deni lenyewe linapungua kwa 101 tu. Ukienda na rejesho la kawaida, nusu ya deni utakuwa umeimaliza mwaka wa 15. Ukifika mwisho umelipa kama 264,000. Ndiyo maana mumeo anakimbizana nalo, na ana hoja nzito: pesa ya ziada ina nguvu kubwa kuliko wakati wowote mkopo ukiwa bado mchanga.

Mkiongeza asilimia 10 ya rejesho kila mwezi tangu mwanzo, mkopo wa miezi 240 unaisha kama mwezi wa 176. Mnaokoa miezi 64, yaani zaidi ya miaka mitano, na riba isiyopungua 50,000 kwa kila 100,000 mliyokopa.

Sasa angalia upande wa pili, ambao watu wengi hawaupigii hesabu. Mkiongeza asilimia 5 tu badala ya 10, mkopo unaisha kama mwezi wa 201. Yaani nusu ya nyongeza inawapa miezi 39 kati ya ile 64. Nusu ya kwanza ya nyongeza inafanya kazi kubwa kuliko nusu ya pili. Na mkisimamisha nyongeza yote kwa miezi 6 huku mwanzoni, kisha mkairudia, mwisho wa mkopo unasogea kama miezi 3. Miezi 3 ya rejesho ni pesa, sikatai. Lakini paa linalovuja halisubiri miaka 14.

Mkopo wa ukarabati usiuchukue kwa sababu rejesho "linapanda kidogo". Linapanda kidogo kwa kuwa linatandazwa kwenye miaka mingi. Kila 1,000 ya ukarabati ukiilipa kwa miaka 20 kwa riba hiyo, utakuwa umeitoa 2,640 na ushee. Kwa kazi uliyoitaja, nyongeza yenu ya miezi michache ikikusanywa inaweza kutosha.

Nikuulize jambo moja kabla ya yote. Hiyo nyongeza mnayopeleka, benki inaiandika wapi? Inapunguza deni la msingi, yaani kile mlichokopa bila riba, mwezi huohuo, au inakaa kama rejesho la mbele, yaani malipo ya miezi ijayo? Fungua taarifa ya mkopo, tazama salio la deni la msingi kabla na baada ya mwezi mmoja. Soma pia mkataba uone kama kuna ada ya kulipa kabla ya muda.

Fundi wa Siku Nyingi

Dada yangu, kwenye nyumba adui ni maji. Rangi, taa, makabati, hayo yote yanasubiri. Maji hayasubiri, kwa sababu yanaoza mbao za paa, yanakula nyaya za umeme zilizopita darini, na kila mwezi unaochelewa kazi inakuwa kubwa na ghali zaidi.

Usianze kwa kupaka rangi hilo doa. Na usidhani tundu liko juu ya doa. Maji yakishaingia chini ya paa hutembea juu ya mbao, yakadondoka mbali kabisa na yalipoingilia. Mtu apande darini mchana, azime tochi, atazame panapopenya mwanga. Kama hakuna, apande tena mvua ikinyesha na tochi mkononi, afuate njia ya maji kurudi nyuma kuelekea juu. Mara nyingi utakuta ni kwenye maungio: bomba linapotokea juu ya paa, paa linapokutana na ukuta, msumari uliolegea, au mfereji wa paa ulioziba majani hadi maji yakarudi ndani. Kama ni mfereji, dawa yake ni ngazi, ndoo na mtu wa kushika ngazi.

Ukuta wa chini ya dirisha uutazame kwa nje. Pitisha kidole kwenye maungio ya fremu na ukuta, utaona nyufa. Angalia kama kingo ya dirisha ya nje inaelekeza maji nje au imelala kuelekea ndani. Kisha tazama chini: udongo wa bustani usipande juu kuliko sakafu ya ndani, na ardhi iteremke kwenda mbali na nyumba. Kuna watu wanapaka rangi ya kuzuia maji kwa ndani wakadhani wamemaliza, kumbe unyevu umefungiwa ukutani na baada ya muda rangi inatoka na lipu yake.

Choo ni kazi ya leo jioni. Dondosha matone ya rangi ya chakula kwenye tangi, usiflashi, subiri nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mara nyingi kile kizibo cha mpira chini ya tangi kimechoka au kimejaa uchafu. Ni kifaa kidogo na unakibadilisha mwenyewe. Kama kizibo ni kizima lakini maji bado yanatiririka, tazama mrija wa kumwaga maji yanayozidi ndani ya tangi. Maji yakiingia humo, boya limewekwa juu mno, lishushe.

Na kabla ya kumwita fundi yeyote, funga koki zote za nyumba, soma mita ya maji, rudi baada ya saa moja. Mita ikiwa imesogea, kuna pengine panapovuja hujapajua.

Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi. Naomba niseme juu ya mtoto kwanza.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, na unasema wazi kwamba wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu wana hatari zaidi ya kikohozi, kukorota kwa kifua na pumu. Mhamishe mtoto chumba hata leo, walale wote kwenye chumba kikavu huku paa likitengenezwa. Mpeleke pia akapimwe, maana kikohozi cha usiku kina sababu nyingi na usibaki kukisia kwamba ni ukungu tu.

Ukungu kama ni eneo dogo, chini ya mita 1 ya mraba hivi, unaweza kuusugua kwa maji na sabuni, madirisha wazi, barakoa na glavu, watoto wasiwepo. Usichanganye dawa ya klorini na dawa nyingine yoyote ya usafi, hewa inayotoka inaweza kuunguza mapafu. Na ujue utarudi kama chanzo cha maji kipo.

Kuhusu mumeo. Mtu anayeamka saa nane usiku kuhesabu deni anahitaji kupewa muda wa mchana wa kulihesabu. Wekeni saa moja kila mwezi, mezani, wote wawili, taarifa ya mkopo mbele yenu, mkimaliza mfunge. Simu ilale nje ya chumba. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi, na anayezikosa mfululizo hushika kila jambo kwa wasiwasi zaidi, likiwemo deni lenyewe. Kutembea kwa miguu kunasaidia sana: dakika 150 kwa wiki, ambazo ni nusu saa kwa siku tano. Tembeeni pamoja asubuhi kama ratiba inaruhusu, mwanga wa asubuhi unaupanga mwili kujua usiku ni saa ngapi. Akiendelea hivyo wiki kadhaa, amwone daktari, asione aibu.

Kazi ya mwisho wa wiki mimi ningeiangalia upya. Kama nusu ya nyongeza inaokoa miezi 39, arudishiwe angalau siku moja.

Mkaza Buti

Naomba nimtetee shemeji kidogo. Ukarabati hauna mwisho. Ukimaliza paa utaona jiko, ukimaliza jiko utaona sebule, na ile nyongeza hairudi tena. Nimeona nyumba nyingi zikipendeza huku deni likibaki palepale. Dada, kama mnasimamisha, andikeni kabisa ni kazi zipi na nyongeza inarudi mwezi gani.

Hesabu Kwanza

Kaka, hapo nakuunga mkono. Kazi zenye maji na zenye afya ya mtoto ziwe kwenye orodha, na orodha ifungwe kabla ya fundi wa kwanza kuingia. Sebule iwe mbali kidogo.

Niongeze: dada hujataja akiba ya dharura. Pesa ikishaingia kwenye deni, kuitoa benki ni kazi nyingine, mara nyingi kwa kukopa tena. Kazi ikisimama au mtu akiugua, benki haitakuuliza ulilipa kiasi gani cha ziada mwaka jana, itauliza rejesho la mwezi huu. Jengeni kwanza akiba ya matumizi ya miezi 3, taratibu ifike 6, iwe mahali mnapoweza kuichukua siku hiyohiyo. Nina hakika sehemu kubwa ya usingizi wa mumeo iko hapo.

Nyumba Yetu (mleta mada)

Wakuu, asanteni sana, nimesoma yote na mume wangu ameyasoma pia.

Choo kimepona. Rangi ilionekana kwenye bakuli kabla hata ya nusu saa, mume wangu amebadilisha kizibo mwenyewe. Watoto wamehamia chumba kingine na mdogo nimempeleka hospitali, amepewa dawa na siku ya kurudi.

Ndugu Hesabu, taarifa ya mkopo imetushtua. Nyongeza zetu zimekaa kama marejesho ya mbele, deni la msingi linapungua kwa kasi ileile ya kawaida. Hakuna aliyetueleza. Tunafanyaje? Na mzee Fundi, tundu limeonekana, ni kwenye ungio la paa na ukuta, limezibwa, na nje ya dirisha pamezibwa pia. Mume wangu anataka kupaka rangi mwisho wa wiki hii watoto warudi. Inafaa?

Hesabu Kwanza

Andika barua, si simu. Taja namba ya mkopo, omba kiasi chote kilichokaa mbele kihamishiwe kwenye deni la msingi, na kwamba kila nyongeza ijayo ifanyiwe hivyo siku inapopokelewa. Sema pia mnataka muda wa mkopo ufupishwe na rejesho libaki lilelile, kwa sababu wengine wanapunguza rejesho na muda unabaki ulivyo. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ombeni jedwali jipya la marejesho, hilo ndilo litakaloonyesha kama wametekeleza. Ila kama akiba ya dharura ni sifuri, ulizeni kwanza kama sehemu ya pesa hiyo inaweza kurudishwa kwenu.

Fundi wa Siku Nyingi

Mwisho wa wiki hii ni mapema, binti yangu. Kwangua rangi yote iliyolegea na lipu iliyolainika, fungua madirisha yanayokabiliana hewa ipite, uache ukuta upumue. Baadaye chukua kipande cha nailoni angavu, ukubwa wa karatasi ya kuandikia, kibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne pasiingie hewa. Kiache siku mbili. Matone yakionekana upande unaogusa ukuta, unyevu bado umo ndani na rangi isubiri. Yakiwa upande wa chumbani, ukuta hauna shida, hewa ya chumba ndiyo nzito na dirisha lifunguliwe zaidi. Pakiwa pakavu pande zote mbili, piga lipu mpya palipokwanguliwa, iache ikauke kabisa, msasa, rangi ya kwanza ya kushikiza, halafu rangi yenyewe mara mbili. Kitanda cha mtoto kisirudi kugusa ukuta huo, acheni nafasi ya kupitisha mkono.